Mbeba Taa wa Darajani

Rafiki yangu, fundi wa mashine za gemu, si mtu wa kutishika ovyo. Karakana yake iko chini ya ghorofa, haina hata dirisha.

"Inakwama mwishoni," mteja alimwambia, akimkabidhi mashine yake. "Ijaribu, ila yule mhusika wangu mbeba taa usimtoe kafara."

"Dada, si gemu tu hilo?" fundi akacheka.

Akacheza mpaka darajani, mbeba taa akimfuata nyuma na kikohozi chake kikavu. Skrini ikauliza: nani abaki ili wengine wavuke? Fundi, njaa ikimuuma, akamchagua mbeba taa.

Gemu likaisha bila kukwama. Akachomoa waya, akazima taa, akafunga mlango, akapapasa ngazi gizani.

Ngazi ya tatu, nyuma yake mtu akakohoa, na kivuli cha fundi kikarefuka ukutani mbele yake.