Lango Lisilo na Askari

Asubuhi katika jiji la Kasanda, watu walivuka mpaka wa nchi mbili huku wakitafuna mihogo ya kuchoma. Hakukuwa na lango, wala dirisha la kugongea mihuri, wala askari wa kukukazia macho kana kwamba umeiba kuku. Chini ya barabara ulilazwa utepe mwembamba uliounganishwa na mtambo ulioitwa kisomamwendo. Kila binadamu ana namna yake ya kukanyaga, na kisomamwendo kilimtambua mtu kabla hajamaliza hatua ya pili. Mwenye ruhusa alipita bila hata kujua kwamba amekaguliwa. Asiye nayo aliinukiwa na kioo kirefu kutoka ardhini, mbele yake yeye tu, na akijaribu kuhamia pembeni, kioo nacho kilihama naye.

Aliyekibuni alikuwa Mhandisi Simkoko, mzaliwa wa Kasanda, mtu mwenye kipara na majivuno ya kiasi. Alikuwa na haki ya kujivuna. Zamani mpaka ule ulinuka rushwa, na mama yake mwenyewe, aliyechuuza vitenge, alinyang'anywa mzigo mara nyingi hadi akaiacha biashara. Kwa hiyo Simkoko alipopewa kazi aliwaondoa askari wote, kisha akahakikisha kwamba hakuna mtu, hata yeye mwenyewe, anayeweza kutengua uamuzi wa mtambo.

Sheria zenyewe ziliandikwa na Baraza la Jiji. Iliyosifiwa kuliko zote ilisema kwamba mgeni mwenye kibali cha kazi akivuka kwenda nje, kibali kinakufa papo hapo, naye haruhusiwi kurudi mwaka mzima. Hoja yao haikuwa ya kijinga. Walitaka mishahara inayolipwa Kasanda itumike Kasanda, na kweli maduka yalijaa na wenye nyumba za kupanga wakaota vitambi. Lakini wauguzi na mafundi waliotoka ng'ambo waliacha kwenda kuzika wazazi wao, na masoko ya ng'ambo yakabaki na wazee waliouziana nyanya wenyewe kwa wenyewe.

Siku hiyo Simkoko alikuwa katika chumba cha mitambo alipoona kioo kimoja kimeinuka na hakishuki. Akateremka kwenda kuangalia.

Ng'ambo ya kioo alisimama mwanamke kijana aliyebeba kapu kubwa. Aliitwa Bupe, fundi cherehani wa kibali cha kazi aliyeshona sare za nusu ya shule za jiji. Pembeni yake alikuwa mama mkwe wake, Mama Andwele, aliyekuja kumwona mjukuu na ambaye ruhusa yake ya ugeni ilikuwa imeisha. Upande wa ndani, Andwele, mume wa Bupe, alimbembeleza mtoto wao mchanga, Lusajo, aliyelia mpaka sauti ikakauka.

"Shikamoo, mama," Simkoko alimwamkia mzee kwanza.

"Marahaba, baba. Hebu ondoa hiki kidude chako, mjukuu wangu anataka kunyonya."

"Bupe, ulikuwa unatoka kwenda wapi?"

"Sikuwa natoka, Mhandisi. Nilikuwa namsindikiza mama."

Simkoko alielewa mara moja, na aibu ikamshika. Mkwe haagwi mlangoni. Unambebea kapu lake, mnatembea mkipiga soga, na soga ikinoga unaongeza hatua kidogo, kisha kidogo tena. Kumwacha kabla hajakuambia urudi ni kukosa adabu. Bupe alikuwa akimsimulia jino la kwanza la Lusajo wakati alipoukanyaga utepe usioonekana. Ni Simkoko mwenyewe aliyetaka usionekane, ili mpaka upendeze.

"Nilikuwa nangoja aniambie basi, rudi," alisema Bupe.

"Na mimi nilinogewa," alisema Mama Andwele kwa sauti ndogo. "Makosa ni yangu, mwanangu. Nilinogewa."

Andwele alimgeukia mhandisi. "Bonyeza kitu, basi."

"Hakuna cha kubonyeza."

"Si wewe uliyeutengeneza?"

"Ni mimi. Nilikitoa hicho kitufe ili asipatikane mtu wa kuhongwa."

"Kwa hiyo hata wa kumwomba hayupo."

Simkoko aliwapigia simu wajumbe wa Baraza. Walimjibu kwamba sheria hiyo inaweza kutazamwa baada ya kikao cha bajeti. Mmoja aliuliza kama fundi huyo ameshamaliza sare za mwanawe.

Ikabaki njia moja ya kumfikisha mtoto kwa mama yake. Lusajo alikuwa hajaanza kutembea, hivyo kisomamwendo hakikumjua. Kilimhesabu kuwa mzigo wa yeyote aliyembeba. Andwele hakuweza kumpeleka, kwa sababu kibali chake nacho kingekufa, na mshahara wake ndio uliowalisha wote, wa huku na wa kule. Ilihitajika miguu ya raia. Simkoko akanyoosha mikono.

Andwele hakumtoa upesi. Alimvua mtoto soksi, akamvalisha tena, akamnusa kichwani.

"Nenda naye nyumbani, Bupe," alisema kupitia kioo. "Nitatuma hela."

"Mwaka ujao atakuwa anatembea," alijibu Bupe.

Andwele alijua maana yake. Mtoto akishatembea, mtambo ungemjua, na angehitaji kibali chake mwenyewe kumfikia baba yake.

Simkoko alivuka na mtoto kifuani, akamweka mikononi mwa mama yake. Bupe aliketi ukingoni mwa barabara, Mama Andwele akawafunika kwa kanga, na kilio kikakoma. Mhandisi aligeuka kurudi. Alipofika kwenye utepe, kioo kiliinuka mbele yake.

"Mhandisi Simkoko," ilisema sauti ya upole ya mtambo, "ulitoka na mzigo, umerudi mikono mitupu. Mali inayouzwa nje hulipiwa ushuru. Tafadhali taja thamani yake."

"Sikuuza kitu."

"Tafadhali taja thamani yake."

Upande wa pili wa kioo Andwele alikuwa bado amekunja mikono kifuani, kama mtu aliyebeba mtoto. Simkoko alimtazama, machozi yakamtoka, wala hakuyafuta.

"Muulize baba yake," alisema.