Matano ya Kumpata Mwongo

Saa kumi na mbili jioni fundi simu alifunga kibanda chake, akavuka barabara kwenda kuchukua dawa za presha za mama yake. Vidonge thelathini, kimoja kila jioni baada ya kula. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya dada yake. Dada yake alikuwa amezikwa wiki tatu zilizopita.

Muuza dawa hakuinua uso. Alikuwa anachekea simu.

"Umeshajibu swali?"

"Swali gani?"

"La jukwaani. Kaja mtu mpya, anajiita Mwalimu wa Zamu. Anasema atamtaja aliyevujisha habari za yule mwalimu wa hesabu..." Hapo akakumbuka anaongea na nani. Akaifudikiza simu mezani. "Nisamehe, fundi. Mdomo umenitangulia."

"Hamna neno," alisema fundi, akachukua dawa.

Hakuwa mgeni wa jukwaa hilo. Alikuwa na jina lake mle, Kioo Safi, na hakuna aliyejua kuwa Kioo Safi ndiye yeye. Lilikuwa jukwaa la watu wenye simu mkononi na muda wa kupoteza. Mmoja anauliza betri ikivimba afanyeje, mwingine anamjibu aifanye mto. Wanabishana siku tatu kama sifuri ni namba. Katikati ya ubishi mtu anatupia mtihani kabla ya siku yake, au barua ya ofisi ya mtu, au picha za ndoa ya mtu. Watu wanacheka, kisha wanarudi kwenye sifuri.

Alifungua palepale barabarani.

"Wanachama tuko 4,096," Mwalimu wa Zamu alikuwa ameandika. "Maswali kumi na mawili yanatosha kumpata mmoja. Kila jioni moja. Asiyejibu, nitamjibia."

Chini yake watu walikuwa wamejaa.

"Huyu kala nini leo?" aliandika Mzee wa Data.

"Hesabu yake sahihi lakini," mwingine alijibu. "Kata nusu mara kumi na mbili, unabaki na mtu mmoja."

"Mkinipata mimi nipeni adhabu ya kufagia, mgongo hauniruhusu kupiga magoti." Huyo alikuwa Kopi Moja. Huyo kila mtu alimjua, kwa sababu alitangaza duka lake mle kila wiki: Bwana Kopi, jirani wa fundi, mwenye mashine ya kuchapisha na kutoa nakala.

Fundi hakucheka. Hesabu ile aliijua tangu ana miaka saba. Dada yake alimfundisha sakafuni jikoni, kwa vizibo vya soda, mama akiwa kazini. Fikiria namba, mdogo wangu. Iko nusu hii au nusu ile? Nusu hii au nusu ile? Kila mara alimfikia. Mara moja tu fundi alijaribu kumdanganya katikati ya mchezo. Dada alifika kwenye namba nyingine, akakitazama kile kizibo, akamtazama yeye.

"Umenifikisha kwa asiyehusika," alisema. "Maswali kumi na mawili ya kumpata mtu. Ya kumpata mwongo yanaongezeka matano. Lakini anapatikana."

Swali la jioni ile lilikuwa jepesi. Mwezi uliozaliwa ni namba shufwa au witiri?

Fundi hakujibu. Alizima simu, akaenda nyumbani, akampa mama kidonge na maji. Alipoiwasha tena kura zilikuwa zimefungwa. Shufwa 2,048. Witiri 2,048. Chini, kwa herufi ndogo: tunaendelea na witiri.

Jina la Kioo Safi lilikuwa kwenye witiri.

Alizaliwa mwezi wa saba.

*

Aliyevujisha ni fundi mwenyewe, na alivyofanya ni hivi. Mafundi wana njia yao ya kupima kioo kipya. Hufungua daftari la simu, huandika neno lolote, hutelezesha kidole juu na chini waone kama kinashika. Dada yake alimletea simu iliyopasuka kioo, akamtajia nenosiri kwa mdomo wake. Fundi alibadilisha kioo, akafungua daftari, akatelezesha kidole.

Katika daftari dada alikuwa ameandika mambo aliyotaka kukiri na hakuwa na wa kumkiria. Miaka ishirini na moja ya kusahihisha, kosa moja. Mwanafunzi mmoja kati ya hamsini na saba alipata thelathini na nne, na mpaka wa kufaulu ulikuwa arobaini. "Nimemwongezea sita. Mungu anisamehe."

Jioni ile jukwaani walikuwa wanawasema walimu. Fundi alipiga picha ule ukurasa, akafuta jina, akatupia: "Hesabu za walimu wetu: 34 + 6 = kazi imeisha." Watu mia tisa walicheka. Alijisikia mtu.

Hakujua kwamba jina si kitu. Wajuzi wa jukwaa walichukua hamsini na saba, wakachukua tarehe, wakachukua arobaini, wakaingia kwenye matokeo yaliyotangazwa. Siku ya tatu wakataja shule. Siku ya nne wakataja mwalimu. Mwanafunzi akafutiwa matokeo. Mwalimu akafukuzwa kazi.

Dada alipita kibandani mara moja tu baada ya hapo. Nenosiri lilijuliwa na watu wawili duniani. Alisimama mbele ya meza, akaitoa ile simu, akaiweka.

"Kioo kinafanya kazi vizuri," alisema. "Kaa nayo. Sina wa kumpigia."

Baada ya wiki alilala na hakuamka. Waliomuosha walisema vidole vya mkono wa kulia vilikuwa na chaki isiyotoka kwa maji. Alikuwa hajashika chaki kwa mwezi mzima.

*

Jirani mmoja alimweleza mama habari za mchezo. Mama hakujua kusoma. Jioni ya pili alimwita mwanawe, akamwonyesha kiti.

"Nisomee, baba. Nasikia wanamtafuta."

"Ni utani wa watoto, mama. Hawana kazi."

"Soma hivyohivyo. Nimezaa wawili. Nimebaki na wewe tu wa kunisomea."

Akasoma. Mama yako yu hai? Akasoma la tatu. Ulilelewa na dada? Na la nne. Ulijifunza kuhesabu kwa vizibo? Mama alisikiliza ameinamisha kichwa, mikono magotini, kama mtu anayesikiliza hukumu. Kila jioni aliuliza wamebaki wangapi, na kila jioni ilikuwa nusu kamili. Mia tano na kumi na mbili. Mia mbili hamsini na sita. Jukwaani utani ulipungua.

"Kura za watu hazigawanyiki hivi," aliandika Mzee wa Data. "Niliwahi kufanya kazi ya takwimu. Hazigawanyiki hivi."

Fundi alijibu kweli kila mara. Aliwahi kuacha kujibu, akakuta amejibiwa.

Jioni ya saba alitafuta namba iliyotumika kusajili jina la Mwalimu wa Zamu. Alikuwa na mbinu zake. Namba ilikuwa ya dada.

Simu ya dada ilikuwa kwenye droo ya chini kibandani. Betri aliitoa mwenyewe, akaiweka droo nyingine. Aliivuta droo polepole...

Harufu ya darasa. Chaki na ubao uliofutwa kwa kitambaa kibichi.

Simu ilikuwa imelala palepale, baridi, bila betri. Juu ya kioo alichokiweka yeye kulikuwa na alama ya kidole. Nyeupe.

Alipoifunga droo alisikia mkwaruzo ndani. Mfupi. Kama mtu anayepiga mstari chini ya jibu.

*

Jioni ya kumi na mbili walibaki wawili.

"Nani na nani?" aliuliza mama.

Fundi alitazama majina. "Kopi Moja," alisoma. "Na mwingine... simjui."

"Kopi Moja si huyu mwenzio? Dada yako alikuwa anachapisha mitihani kwake."

"Ndiye."

"Soma swali."

Swali halikuwa la watu wote. Lilikuja kwake peke yake, kwenye kisanduku cha ujumbe. Ni wewe? Ndiyo. Hapana.

"Wanauliza kama ni yeye," alisema.

Mama alishika ukingo wa meza. Tangu mazishi alikuwa akisema neno moja tu: aliyemfanyia mwanangu haya, nikimjua nitamwachia laana, hata kama nimemzaa. Alisema "hata kama nimemzaa" kwa mazoea tu, kama watu wasemavyo. Fundi kila mara alisikia maneno hayo tu.

Kidole chake kilikuwa juu ya kioo.

Kilibonyeza Hapana.

Jina moja likafutika. La Kopi Moja likabaki.

Asubuhi ndugu wa yule mwanafunzi aliyefutiwa matokeo walikwenda dukani wakavunja mashine kwa nyundo. Bwana Kopi alikimbilia kibandani kwa fundi, shati limechanika begani.

"Kaka, wewe unanijua. Hata simu yangu wewe ndiye unanifungulia. Waambie."

"Niwaambie nini?"

"Kwamba si mimi."

"Nitajuaje?" alisema fundi.

Bwana Kopi alimtazama. Alikuwa mtu wa utani. Uso wake haukuzoea kukaa hivyo. "Kumbe," alisema, akatoka.

Mama aliwasili dukani kwa fimbo yake, hatua kwa hatua. Watu walimpisha. Alisimama mbele ya Bwana Kopi, asinyanyue sauti.

"Umemla mwanangu kwa mdomo. Mdomo huo ufungike. Mkono ulioandika ukauke. Miguu iliyokupeleka kwenye siri yake isikupeleke popote tena."

"Mama, shikamoo yangu uipokee kwanza," alisema Bwana Kopi. "Si mimi. Na laana ikikosa mwenyewe humrudia aliyeitoa. Irudishe, mama. Kwa ajili yako."

Mama alitema mate chini, akaondoka.

Jioni ileile alianguka akiwa kwenye kiti. Mdomo ulikuwa umefungika. Daktari alisema ni presha. Aliuliza dawa. Fundi alizileta, na kwenye pindo la khanga ya mama wakakuta vidonge kumi na viwili, vimefungwa kwenye kipande cha karatasi. Kila jioni, akingoja kusomewa, alikuwa amevipokea na hakuvimeza.

"Basi sababu ndiyo hiyo," alisema daktari. Fundi alikubali. Alihitaji sana kukubali.

*

Siku ya nne baada ya hapo alikuwa anamlisha mama uji kwa kijiko. Jua lilikuwa limezama, taa haijawashwa. Simu yake ilikuwa imezimwa, iko chumba kingine.

Harufu ikaja kwanza.

Kisha mkwaruzo.

Alidhani ni panya. Akageuka. Mkono wa kulia wa mama ulikuwa unatembea ukutani kando ya kitanda. Kidole kimoja, cheupe hadi kwenye fundo. Kilichora mstari. Kikachora wa pili. Mitano.

Midomo ya mama ilifunguka. Sauti haikuwa ya mzee. Ilikuwa sauti ya mtu aliyezoea kusikika hadi dawati la nyuma, na sasa ananong'ona.

"Umenifikisha tena kwa asiyehusika, mdogo wangu."

Kijiko kilianguka.

"Mimi najua tangu zamani. Sikuhitaji hata swali moja. Nataka useme, na yeye asikie. Ukisema, namwacha. Hili la kumi na tatu... Ni wewe?"

Alitazama macho ya mama. Hayo hayakuwa ya mwingine. Yalikuwa macho ya mama yake, yamefunguka, yanamwangalia, yanasikia kila neno, yanangoja.

Hata kama nimemzaa.

"Hapana," alisema.

Kidole kilifuta mstari mmoja. Kisha mkono mzima ukaanguka kitandani kama kitu kilichokatwa kamba, na asubuhi haukunyanyuka tena.

Fundi aliosha ukuta kwa sabuni na kitambaa. Mistari minne ilibaki.

Jioni iliyofuata aliulizwa tena, akajibu lilelile, ukafa mguu wa kulia.

Siku ya tatu alifunga kibanda saa kumi na moja na nusu, mapema. Duka la jirani lilikuwa na kufuli na tangazo la kupangishwa; Bwana Kopi alikuwa amehamisha familia yake usiku, bila kumuaga mtu. Fundi alisimama mbele ya lile tangazo kidogo. Kilikuwa chumba kizuri, chenye dirisha. Akavuka barabara.

Muuza dawa alimpimia vidonge vya mama bila kugusa simu yake. Siku hizi hakuna aliyelizungumzia jukwaa. Wanachama wenyewe walikuwa wamerudi kwenye sifuri.

"Mama anaendeleaje?"

"Anaendelea."

"Anameza vizuri?"

"Nampondea kwenye uji."

"Pole sana, fundi. Kuuguza mzazi ni kazi. Mwingine angeshamkimbia." Muuza dawa alimkabidhi mfuko. "Vipi, ameanza kuongea?"

Fundi alitazama nje. Jua lilikuwa juu ya paa la jengo la mbele, limebakiza kidogo.

"Jioni tu," alisema, akatoka.