Safari Hii Hafi Mtu

"Na huyu naye anakufa?" aliuliza Wes.

"Anazama baharini," alijibu Emil. "Watu watalia."

"Hilo ni wazo lako la nne! Wa kwanza gari, wa pili saratani, wa tatu kapigwa na wahuni. Wanaume wakipendana, lazima tuzike?"

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, jikoni kwao Burnie, Tasmania, mvua inachapa dirisha. Walitaka kutengeneza filamu fupi ya wanaume wawili wanaopendana, na mtaji wao ulikuwa kamera ya kuazima na jiko hilohilo. Wes alikuwa mkaanga samaki, Emil fundi magari. Mwaka wa tatu sasa, kitanda kimoja.

"Mimi nina wazo rahisi," alisema Wes. "Chumba kimoja, simu moja. Jamaa anampigia mama yake, anamwambia yule mpangaji wake si mpangaji."

Emil akatua kikombe. Kila mama yake, Bi Maureen, alipokuja kuwatembelea, Wes alihamishia nguo zake chumba cha nyuma.

"Umeanza."

"Sijaanza, nimechoka. Nimechoka kuwa mpangaji."

"Basi katafute mwenye nyumba mwingine!"

Emil akatoka, akabamiza mlango. Wes alikaa kidogo, kisha akatoa begi. Alikuwa anakunja shati la tatu ujumbe wa Emil ulipoingia kwenye simu.

"Upo?"

"Napaki," akajibu.

"Acha. Narudi."

Emil aliingia amelowa chapachapa. Hakuvua hata koti. Alimpigia mama yake simu, akaweka spika Wes asikie.

"Mama, Wes si mpangaji. Ni mpenzi wangu."

Sauti ikarudi, ndogo:

"Nani mwingine anajua?"

"Mji mzima utajua. Tunatengeneza filamu."

"Filamu? Emil! Hao watu naimba nao kanisani! Baba yako angekuwepo..."

"Baba hayupo, Mama. Mimi nipo, na sijifichi tena jikoni kwangu mwenyewe."

"Basi kesho usije kula."

"Nitakuja. Na Wes atakuja. Ukifunga mlango tutakula kibarazani, majirani watuone."

Akakata. Wes akamshika mikono yote miwili.

"Nisamehe," alisema Emil. "Ile ya mwenye nyumba."

"Ilikuwa mbaya."

"Najua."

"Vua koti, utaugua."

Jumapili mchana walifika kwa Bi Maureen na bakuli la viazi vya kuoka. Mlango ulikuwa umefungwa. Emil aligonga mara tatu. Ng'ambo ya barabara pazia likasogea. Wakaketi kwenye ngazi, wakafunua bakuli, wakala kwa uma mmoja, wakipokezana.

Robo saa ikapita, kitasa kikazunguka. Bi Maureen alisimama na aproni yake, macho mekundu. Hakumtazama mwanawe, alimtazama Wes.

"Ndiyo unavyomlisha mwanangu? Viazi vilivyopoa?"

"Mlango ulifungwa, Bi Maureen."

Mama akainua macho. Akaliona pazia la ng'ambo, akalikazia macho mpaka likatulia.

"Futeni miguu. Na hiyo filamu yenu, mimi sijaikubali."

"Hatujaja kuomba ruhusa, Mama," alisema Emil.

Akamshika Wes mkono, mchana kweupe, wakaingia kula.