Kemshafti Mkononi mwa Halfani

Haya yalimpata rafiki yangu Halfani, fundi wa Nachingwea, miaka ile ya mashamba ya karanga. Shemeji yake Bashiri alitaka pikipiki yake iwe nyepesi, awapite vijana wa Ruangwa. Halfani akaifungua injini nje ya karakana, akaingia stoo ya mabati na kemshafti, kile chuma kinachofungua valvu, akitoboe kwa keekee kipungue uzito. Ilikuwa saa ya swala ya Ijumaa, Mungu amsamehe.

"Nakufungia kwa nje, shemeji," Bashiri alicheka. "Wakiona kufuli watadhani uko msikitini."

"Usichelewe basi. Humu ni tanuri!"

Mwanga uliingia kwa matundu ya misumari tu. Alikuwa akitoboa aliposikia pikipiki ikiwaka nje. Ilikuwa ile ile, na bila chuma alichokishika isingeweza kuwaka. Ikaanza kuizunguka stoo polepole, matundu yakizibika moja baada ya jingine.

"Shemeji? Nani huyo? Nifungulieni, jamani!"

Akaupiga mlango bega, kufuli halikulegea. Mlio ukasimama mlangoni, ukaunguruma. Halfani akaikumbatia kemshafti kwa mikono miwili, gizani, akianza shahada. Ndipo ikaanza kuzunguka yenyewe, ikimchuna viganja, kwa mwendo ule ule wa injini.