Jozi ya Sungura wa Mutisya

Mutisya alikuwa fundi wa kuchonga. Mchana alichonga twiga na vifaru kwenye karakana moja Pumwani. Jioni alirudi nyumbani Komarock na vumbi la mbao masikioni. Kazi yake ilikuwa na sheria moja. Wanyama wa mti huuzwa wawili wawili, na wote wawili lazima watoke gogo moja. La sivyo rangi hazifanani, na mwenye duka anakurudishia mzigo wako.

"Jozi ni jozi," Mutisya alipenda kusema. Na ukibishana naye, mtakesha.

Sheria hiyo ni nzuri kwa miti. Mutisya aliipeleka kwa viumbe wenye damu, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Binti yake, Mumo, alikuwa na miaka kumi na miwili. Mwaka mzima alikuwa ameomba sungura. Si sungura wa kuchinja, bali wa kufuga na kupenda. Jumamosi moja Mutisya akampeleka Eastleigh kwa mzee Hamse. Hamse alifuga sungura wa aina ya chinchila, wale wenye manyoya laini ya kijivu. Mumo akachagua jike wa miezi miwili. Akamkumbatia na kumwita Wingu papo hapo.

"Mnataka na dume?" Hamse akauliza. "Chukueni huyu. Mama yake ni mwingine."

Dume huyo alikuwa na mguu mmoja mweupe. Mutisya akatikisa kichwa.

"Hawafanani, mzee. Nipe yule pale."

"Yule ni ndugu ya huyo jike. Wamezaliwa tumbo moja."

"Ndiyo maana wanafanana!"

Hamse akamtazama. "Haya, mteja ni wewe. Lakini ndugu hawapandishwi. Usije ukaniuliza."

Mutisya akacheka tu. Laiti angeuliza siku ile ile!

Alijenga kizimba kizuri ajabu. Mlangoni alichonga majani na maua, na majirani wakaja kukipiga picha. Lakini kilikuwa na chumba kimoja tu. Dume na jike walikula humo na kulala humo.

Wingu alipofika miezi minne, tumbo lake likaanza kujaa. Wanza, mke wa Mutisya, hakupenda alichokiona.

"Baba Mumo, huyu bado ni mtoto. Mtoe huyo dume."

"Nitenganishe jozi? Watakufa kwa upweke, mama."

Wingu akazaa watoto saba, hawana manyoya, macho yamefumba. Aliwazaa juu ya ubao mtupu, kwa kuwa hakuna aliyemwekea sanduku wala nyasi. Yeye mwenyewe alijinyonyoa manyoya ya kifuani awafunike. Dume hakumpa nafasi. Alimkimbiza huku na huku, na watoto watatu wakakanyagwa wakafa.

Mumo aliwaokota akawatia kwenye boksi la viatu. "Baba, tafadhali, mtoe."

"Watazoeana," baba akajibu. Jamani, kichwa cha mtu huyu kilikuwa kigumu kuliko mpingo!

Wakabaki wanne. Walimnyonya Wingu mpaka mifupa ya mgongo ikaonekana. Kila alasiri Mumo alimletea majani mabichi na maji. Wingu alikula, na bado alizidi kukonda.

Wiki ya nne, watoto walianza kutafuna majani. Wawili hawakuweza. Walichukua jani, likaanguka. Wakalichukua tena, likaanguka tena. Mumo akamfungua mmoja mdomo. Meno ya juu yalikuwa yamepinda kuingia ndani, na ya chini yametokeza nje. Maziwa ya mama nayo yalikuwa yanakauka. Wale wawili wakafa kwa njaa, majani yakiwa mbele yao.

Siku mbili baadaye, asubuhi, Mumo alimkuta Wingu amelala ubavu. Damu ilikuwa imelowesha ubao. Kando yake kulikuwa na watoto wengine watano, na wote walikuwa wamekufa.

Wanza alikimbia nyumba ya pili kumwita Benta. Mama huyu alikuwa ametibu mifugo miaka thelathini kabla ya kustaafu. Mtaa mzima ulimwita Daktari. Benta alipiga magoti, akampapasa Wingu polepole.

"Alizaa lini mara ya kwanza?"

"Mwezi uliopita," Mutisya akajibu.

"Na dume alikuwa wapi?"

"Humu humu."

Benta akafumba macho kidogo. "Sikia, Baba Mumo. Sungura jike anaweza kushika mimba siku ile ile anapozaa. Na mimba yake ni mwezi mmoja tu. Huyu alikuwa ananyonyesha wanne nje na kubeba watano ndani. Mwili wake wenyewe haujamaliza kukua."

"Mbona hakuonyesha dalili?"

"Alionyesha. Huu mgongo ni nini?"

Wanza akasema kwa uchungu, "Hata mimi nilipomzaa Mumo, mama yangu alikuja akanilinda miezi miwili. Wewe ulilala kwenye kochi."



Mumo akaleta boksi lingine la viatu, alimowaweka wale wawili waliokufa kwa njaa. Benta akatazama meno yao.

"Ni ugonjwa?" Mumo akauliza.

"Hapana, mwanangu. Ni urithi. Baba yao na mama yao ni ndugu, sivyo?"

Mutisya akainamisha kichwa.

"Kila mmoja ana kasoro ile ile, imejificha kwenye damu. Humwoni nayo. Lakini ndugu wakizaa, kasoro mbili zinakutana kwa mtoto, na hapo inaonekana. Damu si gogo, Mutisya. Katika damu, wanaotoka mahali pamoja ndio wasioana."

"Utamponya Wingu, Daktari?" Mumo akauliza.

"Nitajaribu. Lakini sitakudanganya."

Alimchoma sindano. Alimdondoshea maji mdomoni. Wingu alikufa kabla ya saa sita, juu ya sweta ya shule ya Mumo.

Mumo hakupiga kelele. Alimtazama baba yake akasema, "Nilikuambia." Tangu hapo alimjibu "ndiyo" na "hapana", basi. Mutisya aliona aibu ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Kesho yake hakwenda Pumwani. Aling'oa ule mlango wa maua, akaukata katikati kwa msumeno. Akajenga vizimba viwili, kimoja cha dume na kimoja cha wale watoto wawili waliobaki, wote majike. Benta alisimama kando akimweleza, na Mumo akaandika kwenye daftari.

"Watoto wa kiume watenge na wa kike kabla ya miezi mitatu," Benta alisema. "Jike asipandishwe kabla ya miezi sita. Mpeleke kwa dume, wapandane, umrudishe kwake siku hiyo hiyo. Siku chache kabla ya kuzaa mpe sanduku lenye nyasi kavu. Akishaachisha watoto, apumzike. Na usimzalishe kama hujajua watoto watakwenda kwa nani."

"Na hawa wangu?" Mutisya akauliza.

"Hawa wafuge, wapende, wafe wazee. Lakini wasizae. Kasoro hii iishie kwako."

Miezi ikapita. Siku moja jirani yao Javan akapiga hodi.

"Mutisya, niazime dume lako. Jike wangu yuko tayari."

"Muulize Mumo," Mutisya akasema.

Mumo akatoka na daftari lake. "Dume letu ana kasoro kwenye damu, mjomba. Hatumpandishi. Jike wako ana miezi mingapi?"

"Minne."

"Basi subiri miwili. Halafu mpeleke Eastleigh kwa mzee Hamse. Ana dume mwenye mguu mmoja mweupe. Uliza kwanza mama wa jike wako ni nani."

Javan alikuna kichwa, lakini alitii. Jike wake alizaa watoto sita ndani ya sanduku la nyasi, na wote sita wakaishi. Watano walikuwa na wenyewe kabla hawajazaliwa. Wa sita, jike, Javan alimleta kwa Mumo.

Mumo alimfungua mdomo kwanza. Meno yalikuwa yamenyooka.

"Baba," akaita, "njoo uone."

Mutisya alikuja mbio, mikono ina vumbi la mbao. Ilikuwa mara ya kwanza Mumo kumwita tangu siku ile. Sungura huyo alikuwa wa kijivu, na mguu mmoja mweupe kama wa baba yake.

"Tungemchukua yule wa mguu mweupe siku ile, tukamtenga kwenye kizimba chake," Mumo akasema, "Wingu angekuwa hai."

Mutisya akakaa chini kando yake.

"Ndiyo, mwanangu. Angekuwa hai."