Bibi Arusi wa Keria

"Usiangalie chini, Pasca. Niangalie mimi."

Hilo ndilo lilikuwa kosa. Nilimwangalia Mogga, nikakosa jiwe, nikateleza kwa makalio mpaka ukingoni mwa mto.

Wageni wa baiskeli kutoka Kampala walicheka, halafu wakaona mguu wangu unavimba, wakaacha. Mimi ndiye niliyekuwa mpishi wao. Mogga ndiye aliyewaongoza: wanaendesha kutoka Arua hadi Koboko, kisha wanateremka kwa miguu kwenye makorongo ya mto huku Abuku, kwao Mogga. Safari zote tulizofanya pamoja nilikuwa nampenda, na neno langu kubwa kwake lilikuwa, "Chai iko tayari."

"Utaweza kuendesha?" Mogga aliniuliza tulipofika juu, tulikoacha baiskeli.

Nikatikisa kichwa.

"Basi panda keria yangu, hapa nyuma ya kiti. Kwa mama ni karibu. Nikufikishe, niwasindikize wageni Koboko mjini, halafu nirudi na baiskeli yako."

Nikapanda, mfuko wangu wa sufuria na nguo mapajani. Hakuna kati yetu aliyefikiria tunavyoonekana: mwanaume, msichana nyuma yake, mfuko, na jua linaelekea kuzama. Huku kwetu, msichana aliyetoroshwa huingia hivyo hivyo nyumbani kwa mume.

Mogga alinishusha uani. "Mama! Iko mtu hapa, mtunze! Narudi sasa hivi!" Akageuza baiskeli, akaenda.

Mama yake, mjane wa askari, akanitazama, akautazama mfuko, akarusha kigelegele kilichowatimua kuku.

"Jenifer! Toka, jirani! Mogga ameleta bibi!"

Jenifer akaja mbio, mikono imejaa unga.

"Uwii! Na alituambia iko na kazi ya wageni tu! Wewe mtoto wa wapi?"

"Oli. Arua," nikanong'ona.

"Sikia sauti hiyo! Iko na adabu. Na mguu, mbona anachechemea?"

"Wametoroka kwa porini," mama akasema. "Unafikiri mapenzi ni mchezo?"

Ningesema. Kweli ningesema. Lakini mama alinikalisha kwenye mkeka wake, akanikanda mguu kwa maji ya chumvi, akaniita mwanangu. Nje jogoo akapiga kelele mara moja, akanyamaza. Na mimi nikanyamaza. Moyo uliniambia: funga mdomo kidogo tu, utampata.

Simu ikalia. Alikuwa Shangazi Annet, aliyenilea.

"Pasca! Ni kweli umeolewa Abuku?"

"Nani amekuambia, Shangazi?"

"Steji yote ya boda hapa Oli inajua! Kuna mmoja dada yake iko huko. Wajomba zako wamekasirika. Kesho wanakuja kumkamata huyo mwizi wa wasichana."

"Mogga si mwizi..."

"Ahaa! Kumbe anaitwa Mogga!" Akakata.

Ikafuata meseji: "MJOMBA DRAKU AMESHATAFUTA KAMBA. MWAMBIE HUYO MOGGA AKIMBIE."

Hapo utamu wote ukaniisha. Mtu aliyenibeba kwa huruma angefungwa kamba kwa sababu ya ukimya wangu.

Mogga alirudi, anaendesha baiskeli yake huku anaikokota yangu kwa mkono mmoja. Akakuta wanawake wanacheza, Jenifer anapiga debe.

"Mama, iko sherehe gani hapa?"

"Yako."

Aliitazama sufuria ya kuku. Akanitazama mimi. Nikasimama kwa mguu mmoja.

"Mama, naomba msamaha. Mimi sijaolewa. Niliteleza tu kule mtoni, yeye akanibeba. Sijui hata kama ananipenda."

Debe likanyamaza.

"Na kuku?" Jenifer akauliza.

"Kuku ameshakufa," mama akajibu kwa uchungu. "Na vigelegele havirudi mdomoni!"

Mogga akanisogelea. Wanawake wote wakasogea naye.

"Muda wote huu ulinyamaza kwa nini, Pasca?"

"Nilitaka iwe kweli. Lakini sikutaka ufike ukute umeshaoa, kama mtu aliyekuta mvua imempitia nyumbani."

Akajikuna kichwa.

"Umewahi kuona wageni wetu wakimaliza chakula chako?"

"Hapana. Nilifikiri nazidisha chumvi."

"Wanabeba mikate yao! Mpishi hawamhitaji. Mimi ndiye nawaambia kila safari kwamba lazima uende."

"Basi mambo yamekwisha!" mama akapaza sauti. "Jenifer, piga debe!"

"Hapana, Mama. Kesho namrudisha kwao. Nitakwenda kumwomba kwa wazee wake, kama watu wanavyoposa."

"Unamrudisha? Halafu mimi niseme nini kanisani? Sawa, mrudishe. Lakini baiskeli yake inabaki hapa. Ni rehani."

Nililala kwa mama, nimeshiba jogoo.

Asubuhi nilimwonyesha Mogga meseji ya kamba. Akanipandisha tena keria, tukashika barabara ya Arua. Kwenye kila kilima alishuka akasukuma, mimi nimekaa juu kama gunia la muhogo. Wanawake wa njiani hawakutuhurumia.

"Wee Mogga! Jana umeleta, leo unarudisha? Alichoma ugali?"

"Namrudisha ili nimwombe!"

"Jamani, jua limemwingia kichwani!"

Tulipofika Oli, wajomba walikuwa uani wanajiandaa kwa safari. Mjomba Draku alikuwa na kamba kweli. Mogga alishuka, akakaa chini vumbini mbele yao.

"Wazee," akahema, "mtoto wenu huyu hapa. Sikumwiba. Nipeni siku ya kuja na wazee wangu."

Mjomba Draku alibaki na kamba mkononi, hajui amfunge nani.

Shangazi Annet akamzunguka Mogga, anamkagua kama mbuzi wa sokoni.

"Kutoka Koboko mpaka hapa, milima yote ile, kumrudisha msichana ambaye tayari alikuwa naye! Pasca, huyu ni mjinga au ni mkwe?"

Wote uani walinigeukia. Nikafungua mdomo, na sauti iliyotoka hata majirani waliisikia.

"Ni mkwe, Shangazi! Mpeni maji!"