Kiraka cha Jasi Ukutani

Kila asubuhi Ibtihal alinunua maharage na mikate, akamtengea bibi yake chai, kisha akaenda shule akipita kando ya uzio wa mabati pale ilipokuwa nyumba ya rafiki yake Shahira. Nyumba ilibomolewa kupisha stesheni ya treni ya chini ya ardhi. Akina Shahira walihamia Abbasiya, ng'ambo ya mto Nile, ambako treni hiyo ilikuwa imeshaanza kazi. Huku Imbaba, mtaani kwao Ibtihal, reli ilikuwa bado inachimbwa. Mtaa ulijaa kelele za mashine hadi Ibtihal akawa anaziba masikio, lakini hakuwa na hata mtu wa kugombana naye. Simu ilikuwepo, ila kwa simu hamwezi kugawana mbegu za maboga.

Ukuta wa chumba chao ulikuwa na ufa mwembamba. Mafundi wa reli waliuziba kwa kiraka cha jasi, plasta nyeupe, wakakiandika tarehe. Kikipasuka, ni dalili kwamba nyumba imesogea: uchimbaji unasimama, watu wanahamishwa.

Wanahamishwa! Neno hilo lilimkaa Ibtihal kichwani. Ijumaa, bibi alipokwenda sokoni, alishika kisu cha jikoni akakikwangua kiraka hadi kikapasuka katikati.

Siku ya pili mhandisi, Bi Nermin, alikiona kiraka, akapiga simu. Mashine zikanyamaza. Ukimya ule ulikuwa mzito kuliko kelele.

Bibi akaanza kufunga gilasi zake kwa magazeti. "Babu yako alinileta humu nikiwa bibi harusi," alisema. "Nilidhani nitatolewa na jeneza, kumbe nitatolewa na treni."

Alicheka, lakini gilasi ile ile aliifunga mara mbili.

"Tutapelekwa Abbasiya?" Ibtihal aliuliza.

"Popote chumba kitakapopatikana," alijibu Bi Nermin. "Kwani Abbasiya kuna nini?"

"Rafiki yangu."

"Basi mwambie angoje. Reli ya kuunganisha huku na kwao ndiyo hiyo tumeisimamisha."

Ibtihal alitazama gilasi, akatazama mikono ya bibi.

"Nyumba haijasogea," alisema. "Ni mimi, na kisu."

Bi Nermin alimulika ufa kwa tochi, akaupima taratibu, kisha akashusha pumzi. "Mwaka huu nimeogopa panya, maji na mchanga," alisema. "Sikujua niogope na wajukuu."

Fundi alipaka kiraka kipya. Bibi akamkalisha Ibtihal kando yake.

"Upweke si kosa, mwanangu. Ungeniambia, ningekupeleka kwa Shahira hata kwa miguu yangu hii mibovu. Lakini ukuta huo ndio unaotulinda tukiwa tumelala. Ukiufundisha uongo, siku ukuta utakaposema kweli nani atauamini?"

"Nisamehe, bibi."

"Nimekusamehe. Haya, fungua magazeti. Gilasi utaziosha zote. Na Ijumaa ijayo tununue mbegu za maboga, tupande basi hadi kwa Shahira."

Alasiri gilasi zilianza kugongana kabatini. Mashine zilikuwa zimerudi kazini. Siku hiyo Ibtihal hakuziba masikio.